Kitanda cha Tumbo la Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza shajara. Watu wakubwa wote huandika shajara. Mimi nitakuwa mkubwa ifikapo Jumamosi jioni, kwa hiyo bora nizoee mapema.

Habari yenyewe ni hii. Shangazi anaondoka. Mbio za Jumamosi zikiisha anapakia boti yake anakwenda kuzunguka visiwa, kisiwa hadi kisiwa, mpaka achoke mwenyewe. Boti inaitwa Taratibu. Si mimi niliyeipa jina. Ina matumbo mawili, moja kushoto na moja kulia, na juu yake katikati kuna sebule ndogo, kama mapacha waliobebeshwa kabati. Tumbo la kushoto analala Shangazi. Tumbo la kulia kuna kitanda kimoja. Na sisi tuko wawili: mimi, na binamu yangu Rula.

Rula si jina lake. Tunamwita hivyo kwa sababu anapima kila kitu. Kitambaa cha tanga anapima, chai anapima, hata akicheka nahisi anapima kwanza kama kichekesho kinafaa.

Atakayekosa kitanda atabaki dukani kushona matanga. Na niseme ukweli, duka la Shangazi si duka, ni sakafu. Chumba kirefu kitupu cha mbao zilizong'aa. Cherehani imezamishwa ndani ya shimo ili meza yake iwe sawa na sakafu, mshonaji anakaa shimoni kama kuku anayelalia mayai, na sisi wengine tunatambaa juu ya matanga kwa magoti kutwa nzima. Magoti yangu yana sugu kuliko ya ngamia. Mtu mwenye akili kama zangu hakuumbiwa kutambaa.

Asubuhi Shangazi alitoa kichwa shimoni akatangaza masharti. Miaka yote anashindwa na Daktari wa Meno. Boti ya Daktari inaitwa Mshale, ina matumbo matatu, nyepesi kama unyoya. Kila akishinda huja dukani kutujulia hali bila haja yoyote, meno yote nje. Shangazi kasema amechoka kujuliwa hali. Atakayemfanya amshinde Daktari mwaka huu, kitanda ni chake.

Rula akajibu sawa, Shangazi. Mimi nikamwambia Shangazi ahesabu hilo limekwisha. Shangazi akasema vizuri, basi nianze kwa kufagia nyuzi.


Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Ulinijia nikiwa nimelala juu ya tanga la mteja, ambapo ndipo mipango yangu mingi hunikuta.

Mbio zetu si za nani kafika kwanza. Zingekuwa hivyo, Taratibu wangeifukuza kwa kuziba njia. Kila boti hupimwa uzito kwanza. Nyepesi inaongezewa muda juu ya ule iliotumia, nzito inapunguziwa. Wenyewe wanaita nafuu. Mpimaji ni mzee mmoja wa klabu, tunamwita Mizani, mtu ambaye siku akicheka watu huikumbuka. Anapima kesho.

Sasa fikiri kama mimi. Boti iwe nzito kesho, iwe nyepesi Jumamosi. Basi. Mpango wote ndio huo. Nashangaa watu wamekimbizana na upepo miaka mingapi na hakuna aliyeliona. Kanuni zimebandikwa ukutani klabuni, kurasa nyingi. Nilisoma wa kwanza nikaona mwelekeo. Nilivyosoma shule ndivyo hivyo hivyo, ndiyo maana mimi na shule tuliachana kwa amani.

Nyuma ya klabu fundi mwashi anajenga ukuta wa bafu. Ana lundo la mchanga kama kichuguu. Magunia nilishona mwenyewe kwa vipande vya matanga chakavu, sindano nene, ngozi ya kiganjani ya kusukumia sindano, kila kitu kama inavyotakiwa. Mshono haukunyooka sana. Mchanga hauna macho.

Mchana Shangazi alikuwa anasinzia shimoni kwake na Rula ametumwa kununua nyuzi. Nikabeba. Chini ya kile kitanda cha tumbo la kulia kuna ubao. Unauinua, unatambaa kwenda nyuma, unafika kwenye ghala jembamba linaloishia karibu na usukani. Familia nzima ni mimi tu ninayepenya humo. Nilikusudia nusu ya magunia yaende kulia na nusu kushoto. Lakini kulia ndiko kunakogusa gati, na kushoto lazima uvuke sitaha yote na gunia begani. Mgongo ulinishauri. Nikausikiliza. Yote yakaenda kulia.

Rula alirudi, akasimama gatini na furushi la nyuzi, akainamisha kichwa upande. Akauliza mbona mstari wa rangi wa kulia umezama. Nikamwambia maji yamejaa. Akasema maji yakijaa boti hupanda nayo. Nikamwambia hiyo ni nadharia.


Jumatano, 5 Machi

Siku ya ushindi, karibu.

Boti zilivutwa nchi kavu moja moja, zikapandishwa juu ya mizani bapa, moja chini ya kila tumbo. Mshale ilipimwa mbele yetu. Mizani mwenyewe aliangalia namba mara ya pili kwa sababu alidhani boti bado haijaikalia mizani. Daktari wa Meno akatutabasamia. Nikamtabasamia pia, mimi nikijua ninachojua.

Ikaja zamu yetu. Taratibu ikakalia mizani, mizani ikalia kidogo. Mizani yule mtu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akasoma namba kwa sauti, uwanja mzima ukisikia. Akamuuliza Shangazi kama amehamia humo na ndugu wa mumewe. Akasema tena kwamba tumbo la kulia limelizidi la kushoto mno, huenda ni mjamzito.

Watu walicheka mpaka wakashika mabega ya wenzao. Daktari alisema kwa upole kwamba uzito si aibu, wagonjwa wake wengi ni wazito na wana meno mazuri.

Mimi nilikuwa nahesabu nafuu kichwani na roho ikicheza ngoma. Tatizo, sikumhesabu Shangazi. Shangazi hakusikia nafuu. Alisikia kwamba boti yake ni nene. Akasimama wima, akamwambia Mizani kwamba kuna kosa, na kesho ataileta tena, apime upya, na huyo anayecheka pale kwenye gari la boti afunge mdomo kabla nzi hajaingia.

Nikamshika mkono. Nikamwambia Shangazi, uzito ni neema. Akaniambia nichukue bisibisi.


Alhamisi, 6 Machi

Sijawahi kuona mwanamke akiikondesha boti.

Tangu asubuhi Shangazi alitoa vitu. Masufuria yakatoka. Jiko likatoka. Viti, redio, ndoo ya akiba, ndoo ya akiba ya ile ndoo ya akiba. Sanduku langu la nguo, ambalo nilikuwa nimekwisha kulipandisha kimyakimya kama mtu anayejua kitanda ni cha nani, likarushwa gatini likafunguka lenyewe. Wateja wawili wa klabu sasa wanajua nguo zangu za ndani zote.

Kila kilichotoka, nafuu yangu ilipungua. Nilikuwa nabeba vitu kutoka mlangoni nikijaribu kuvirudisha dirishani. Rula akawa amesimama dirishani.

Halafu Shangazi akauliza kuhusu lile ghala la nyuma. Akasema mwanangu, wewe ndiwe mwembamba, tambaa uangalie kama kuna kitu. Nikatambaa. Nikakaa humo na magunia yangu, uso kwa uso, kitambo cha kutosha mtu kuridhika. Nikatoka nikasema kuna buibui mmoja tu, na yeye ni mdogo. Shangazi akanifuta vumbi shavuni, akasema asante mwanangu. Hapo nilijisikia vibaya, lakini si kwa muda mrefu.

Kwa kuwa hakuona uzito unatoka wapi, hasira zikapanda. Akageukia kitanda. Kitanda chenyewe. Kile kile. Akakifungua skrubu moja baada ya nyingine, mbao zikatoka, godoro likatoka, na yote akampa fundi mwashi akatengenezee jukwaa la kusimamia. Nilisimama na bisibisi mkononi nikitazama ndoto yangu ikibebwa begani na mtu mwenye saruji masikioni.

Tulipimwa upya. Tumepungua. Nafuu imepungua nayo, lakini bado si haba, maana mchanga haukwenda popote. Mizani alisema tumbo la kulia bado lina kitu. Shangazi akasema lilizaliwa hivyo.

Sasa sikiliza balaa. Mizani akaingia ndani na koili ya waya na koleo. Akafunga kila ghala kwa waya, akabana kipande cha madini ya risasi kwenye fundo, akagonga alama. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, hiyo ni nini, mzee. Akasema ni lakiri. Kila kilichopimwa kinabaki ndani mpaka mbio ziishe, ndipo yeye mwenyewe akate. Iko kwenye kanuni, ukurasa wa pili.

Ukurasa wa pili.


Ijumaa, 7 Machi

Basi tuko hivi: boti haina jiko, haina viti, haina kitanda, na ina lundo la mchanga ambalo halitoki. Nimefanya kilichokuwa chepesi kiondoke na kilichokuwa kizito kibaki. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nilichukua mkasi.

Ni mkasi wa Shangazi wa kukatia matanga, mrefu, haruhusu mtu hata kuupumulia. Wakati wa chakula cha mchana nikaenda botini, nikauweka waya wa lakiri katikati ya meno yake, nikabana. Waya haukukatika. Mkasi ndio uliokatika, kipande kidogo kwenye makali, kama pengo la mtoto wa darasa la kwanza. Waya umebaki na mkwaruzo tu. Nikafuta mkwaruzo kwa mate.

Nikarudisha mkasi mahali pake, pengo likiangalia ukuta.

Jioni Rula alinifuata nikikunja matanga. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba fundi mwashi analalamika mchanga wake unapungua na amewalaumu paka. Akasema nina mchanga kwenye pindo la suruali. Nikamwambia ni wa zamani. Akasema, kaka, kama kuna jambo unataka kumwambia Shangazi, leo bado ni mapema. Nikaona mara moja janja yake. Anataka nijiharibie mwenyewe ili kitanda kiwe chake. Nikamwambia apime mambo yake. Akanitazama kama anavyotazama tanga lililokatwa vibaya, akaenda zake.

Kesho mbio. Sijui la kufanya. Nikilala nitajua.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika kalamu ikiniponyoka. Si woga, ni kamba.

Asubuhi upepo ulikuwa mdogo, unapita kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua. Mshale iliondoka kwenye mstari kama imesukumwa. Sisi tulibaki pale tukipiga gumzo na boya. Shangazi ameshika usukani, Rula yuko kwenye kamba za tanga la mbele, mimi kwenye kamba ya tanga kubwa na ya maneno ya kutia moyo. Shangazi akasema niache ya maneno.

Boti ilikuwa inajikokota. Tumbo la kulia lilizama kwa nyuma, likinywa maji kama ng'ombe. Kila boti ilitupita. Boti za matumbo mawili, za matumbo matatu, moja ina mtu na mkewe wakigombana njia nzima na bado wakatupita. Shangazi alikuwa anaipapasa kana, ule mkono wa usukani, kwa kidole gumba, polepole, kama unavyompapasa mgonjwa. Mara akasema, kama anaongea na boti, kwamba mwaka huu alidhani. Basi, alidhani tu, hakumaliza.

Nilitaka kuruka majini niogelee nyumbani. Nusura nimwambie. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Lakini hapo ndipo tulipozunguka boya la mbali na mbingu ikageuka rangi. Upepo ulikuja kutoka kulia, na haukutafuta nyumba tena, ulikuwa na anwani kamili. Boti nyepesi zikaanza kuinua tumbo moja hewani. Mwanzoni walipiga vifijo. Kisha moja ikashusha tanga. Nyingine ikageuza kichwa ikakimbilia ufukweni. Yule bwana na mkewe waliacha kugombana, na hilo lilinitisha kuliko upepo.

Sisi? Sisi tulikuwa tumekaa. Upepo unasukuma kutoka kulia, na kulia ndiko mchanga wangu ulikolala, hauna habari na mtu. Tumbo halikuinuka hata kiganja. Boti ilijikita, ikashika mwendo, ikaanza kukimbia. Taratibu inakimbia. Rula alitazama tumbo la kulia, akanitazama mimi, akatazama tena tumbo. Shangazi aliacha kupapasa kana, akaishika. Akasema tusipunguze tanga. Akasema tena, kwa sauti nyingine niliyokuwa siijui, vuta hiyo kamba mwanangu, vuta.

Nikavuta. Viganja vyangu vimechunika. Sijutii.

Mbele yetu Mshale ilikuwa bado inang'ang'ana, Daktari hataki kupunguza tanga. Likaja wimbi, pua zake tatu zikazama zote pamoja, mkia ukapanda, na boti ikajigeuza polepole kama chapati. Tulipofika, Daktari na mwenzake walikuwa wamekaa juu ya matumbo yaliyoangalia mbingu, salama, wamelowa. Shangazi akashusha tanga papo hapo. Hakufikiri mara mbili. Tukakaa karibu nao mpaka boti ya uokoaji ilipokuja, na hapo ndipo alipomwuliza Daktari, kwa heshima zote, kama ameshapiga mswaki. Daktari akasema si wakati wa utani, dada. Shangazi akasema yeye amekuja tu kumjulia hali.

Tukapandisha tanga tukaenda. Tuliofika mwisho ni wachache. Waliosimama kusaidia hurudishiwa muda wao, na nafuu juu yake. Mizani alipiga hesabu, akazirudia, akatangaza. Sisi wa kwanza. Taratibu, ya kwanza. Shangazi alikaa chini gatini pale pale, miguu ikining'inia, akafunika uso kwa kofia.

Ningeishia hapa. Lakini shajara ni shajara.

Mizani akapanda kukata lakiri na kukagua maghala. Kwa kuwa hapenyi, alitumia mti wenye kulabu. Akavuta gunia. Akavuta jingine. Uwanja ukakusanyika. Shangazi akaja, akalishika gunia, akalipindua, akapitisha kidole juu ya mshono. Hakuniuliza. Akasema tu kwamba mshono huu anaujua, ni wa mtu anayeshona kama anakimbizwa.

Nilinyamaza. Nawaapia niliweza kunyamaza. Na ingeishia hapo, maana Mizani akasema mchanga huu ulipimwa, ulikuwepo mwanzo na upo mwisho, kanuni haina shida nao. Kisha akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote hajaona mtu wa boti hizi akiweka uzito nyuma, upande wa upepo wa kurudia, mahali penyewe hasa. Akasema aliyefanya hivi ni baharia.

Baharia. Mbele ya watu.

Mdomo ukafunguka peke yake. Nikasema ni mimi, mzee. Nikaeleza jinsi nilivyousoma upepo wiki nzima. Nikaeleza jinsi nilivyochagua upande wa kulia baada ya kutafakari sana. Watu wakanisogelea. Mmoja akaniuliza kama sikupata wasiwasi kwamba uzito ungezidi. Nikasema wasiwasi ni sehemu ya ubaharia, hata jana nilitaka kutoa baadhi ya magunia, nikaijaribu lakiri kwa mkasi kidogo, lakini nikabadili mawazo.

Waliokuwa wakinisogelea wakasimama.

Rula akafumba macho. Shangazi akauliza, mkasi gani.

Mizani akavaa miwani. Akauokota waya, akauleta karibu na pua, akauona mkwaruzo. Ukurasa wa tatu: boti ambayo mtu wake amegusa lakiri inawekwa nyuma ya wote waliomaliza.

Kikombe kikaenda kwa yule bwana na mkewe. Walianza kugombana nani akibebe.


Jumapili, 9 Machi

Adhabu: kumrudishia fundi mwashi mchanga wake wote. Si ule wa ghalani. Mwingine. Niuchote kwa ndoo kule mwisho wa ufuko, maana Shangazi kasema ule wa ghalani haushuki. Asubuhi nzima alikuwa botini peke yake, akipima kwa macho, akihamisha gunia moja kushoto, akirudi gatini kuangalia mstari wa rangi. Ameupenda. Hasemi, lakini nimemwona akiupigapiga ule mchanga kama mtoto aliyelala.

Mkasi ameuweka mezani kati ya sahani yangu na yake wakati wa chakula, pengo likinitazama. Sikuongeza mboga.

Nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa, akafuta mdomo akazungumza. Kasema yeye aliahidi kitu mbele ya watu wawili na hajameza maneno yake tangu azaliwe. Je, tumemshinda Daktari wa Meno? Rula akasema tumewekwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Daktari hakumaliza. Kwa hiyo tumemshinda. Shangazi akasema ndivyo alivyopiga hesabu na yeye, amelala nayo akaamka nayo, na bado ni tamu. Na nani kamfanya ashinde? Hapo alionekana kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akasema, Bwana Mipango, funga sanduku lako.

Nikainuka nikapiga kichwa kwenye taa.

Jioni Rula alikuja na ndoo ya pili kunisaidia kubeba mchanga. Sikumwomba. Tulipokuwa tunachota akaniambia jambo. Kasema yeye kitanda hakukitaka kamwe. Alimwambia Shangazi mwezi uliopita kwamba anataka duka, aachiwe funguo, aliendeshe mwenyewe, ana wateja wake tayari na ana mipango ya kuweka cherehani ya pili. Shangazi alikubali. Kitanda kilikuwa changu tangu mwanzo. Shangazi alitunga yale masharti ili aone kama naweza kufanya kazi wiki moja bila kulala juu ya matanga ya watu. Usingefanya chochote, kaka, alisema, ungeenda. Na usingeugusa ule waya, kikombe tungekuwa nacho.

Nikamtazama vizuri. Alikuwa anafuta mchanga kwenye funguo za duka, amezivaa shingoni kwa uzi, na anatabasamu bila kupima.

Maskini Rula. Mtu akishindwa lazima atafute la kujifariji. Nikamwonea huruma nikamwachia ndoo zote mbili.


Jumanne, 11 Machi

Tuko majini. Nchi kavu imekuwa mstari, na Rula aliyekuwa akipunga mkono gatini amekuwa nukta, kisha hata nukta hakuna. Shangazi ameimba tangu asubuhi, hajui maneno, anaimba hivyo hivyo. Upepo mzuri. Mimi ni baharia, Mizani mwenyewe alisema, na nimekwisha kuwaambia hivyo wavuvi watatu tuliopishana nao, ingawa mmoja hakusikia vizuri nikalazimika kurudia.

Kuhusu kitanda. Mbao zake ziko kwa fundi mwashi, amezipigilia misumari, hazirudi. Shangazi kasema hakuna haja ya mbao. Amepanga magunia ya mchanga kwa mstari, akatandika godoro la kukunja juu yake, akaniambia karibu. Kwa hiyo tumbo la kulia nalala juu ya kazi ya mikono yangu. Na mikono yangu, lazima nikiri, ilishona kwa haraka. Boti ikiyumba, mchanga unavuja kwenye mishono. Upo shukani, upo kwenye soksi, asubuhi ulikuwa kwenye chai. Shangazi kanipa sindano na ngozi ya kiganjani, nikae nishone upya gunia kwa gunia mpaka mshono unyooke. Nimepiga magoti kutwa.

Lakini nasikia kisiwa cha kwanza nacho kina mbio zake, Jumapili ijayo, na mpimaji wa huko hanijui. Kanuni wanazigawa kwenye karatasi moja tu, mbele na nyuma. Mbele nimeshasoma. Mpango ni mzuri kuliko ule wa kwanza, maana safari hii nimejifunza.

Mchanga unavuja. Kokoto hazivuji.